Chembe za Mke wa Fundi Mizani

3 Machi

Kwa Mkuu wa Maabara,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama hujanizidi, basi hujambo.

Mimi ni fundi mizani. Duka lolote la mji huu linalopima sukari, misumari au vito, mizani yake imepita mikononi mwangu. Lakini nakuandikia kwa jambo jingine.

Miaka mitatu iliyopita mke wangu alifanyiwa upasuaji wa pafu. Alikuwa na uvimbe, naye maishani mwake hakuwahi kushika hata sigara. Kabla hawajamwingiza ndani, daktari alituletea fomu. Akasema kile watakachokitoa kwa kawaida hutupwa, ila tukikubali, kipande kitapelekwa kwenu kwa ajili ya utafiti. Mke wangu alicheka. Akasema, "Wachukue. Mimi nimeshindwa kukaa nacho, labda wao watasikilizana nacho." Akatia sahihi, nami nikatia yangu chini ya yake. Miezi minne baadaye nilimzika.

Wiki iliyopita nilisogeza cherehani yake nipige deki, nikaiona nakala ya fomu ile imelala ukutani. Chini imeandikwa kwamba familia yenye swali iandike kwa anwani hii. Swali langu ni fupi, na nakuomba usinicheke. Jirani yangu muuguzi ameniambia kwamba vipande kama vile wakati mwingine huoteshwa kwenye vyombo, vikaendelea kuishi. Ni kweli? Kuna chochote cha mke wangu kilicho hai huko kwenu?

Namba ya fomu ni 17.

Wako,
Fundi Mizani


21 Machi

Mzee wangu Fundi,

Ile shikamoo yako nairudisha mbio, maana wewe ni wa umri wa baba yangu. Shikamoo.

Mkuu wa maabara amenipa mimi barua yako niijibu, kwa sababu namba 17 ninaitunza mimi. Nilianza kuisoma nikiwa nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Ndiyo, mzee. Ziko hai.

Ni chembe ndogo mno, sisi huziita seli. Huzioni kwa macho matupu. Ziko kwenye visahani vya plastiki ndani ya kabati lenye joto, na kwa miaka miwili na nusu nimekuwa nikizilisha kila baada ya siku mbili, hata sikukuu. Nilijua zimetoka kwa mwanamke, nilijua umri wake, basi. Kwetu hapa mtu huingia mlangoni akiwa namba. Sikujua kwamba alicheka. Sikujua kwamba ana cherehani.

Pole sana kwa msiba, ingawa nimechelewa miaka mitatu.

Mtafiti wa chumba cha seli


9 Aprili

Mwanangu (kama si sawa kukuita hivyo, nikanye),

Barua yako nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Fundi wa watu nimeharibu mizani mbili wiki hii kwa sababu mikono ilikuwa dukani na akili ilikuwa huko kwenye kabati lako.

Sasa nijibu vizuri. Joto la hilo kabati ni kiasi gani? Mke wangu alichukia baridi, alikuwa akilala na soksi hata wakati wa jua la kupasua mawe. Zinakula nini? Zina mwanga, au zimefungiwa gizani? Na pale chumbani pana kelele? Yeye alishona sare za shule, na cherehani ikianza kunguruma naye anaimba juu yake, sauti imepinda kama msumari uliopigwa na mlevi. Wateja walikuwa wakisubiri nje mpaka ubeti uishe. Miaka thelathini nilimwambia, "Mama, tuonee huruma." Leo ningetoa meno yangu yaliyobaki nimsikie beti moja.

Na mnachunguza nini hasa? Nieleze kama unavyomweleza mtu mwenye akili lakini asiye na shule.

Halafu nina ombi. Nataka kuja kuziona. Niruhusu nikae karibu nazo nusu saa, sitagusa kitu.

Fundi Mizani


2 Mei

Mzee wangu,

Niite mwanangu, sina neno. Mimi mwenyewe niko mbali na kwetu, mwaka wa sita huu. Mama yangu hunipigia simu kila Jumapili, tukaulizana habari za mvua na jua, kwa sababu mengine yote yanauma kuyataja. Kuitwa mwanangu kwenye karatasi kumenifaa.

Joto ni lile lile la mwili wa binadamu, wala halishuki. Chakula chao ni maji mekundu yenye sukari, chumvi na protini. Kelele ipo, feni inavuma mchana kutwa.

Sasa kazi yenyewe. Kila seli ina vipokezi juu ya ngozi yake, mfano wa masikio. Ujumbe ukija kutoka nje unaosema "kua, gawanyika", kipokezi huudaka, huamka, na kuanza kuihimiza seli. Kikishaamka hakiachwi hapo juu kiendelee kupiga kelele. Seli hukivuta ndani, kwenye kifuko kidogo tunachokiita endosomu. Humo ndimo uamuzi unapofanyika. Kipokezi kilichobandikwa alama fulani ndogo hushikwa na walinzi wa mle ndani, wakakisukuma ndani zaidi, na mwisho kikasagwa na vimeng'enya kama chakula tumboni. Kelele ikaisha. Kisicho na alama hurudishwa juu kikaanza upya.

Kwenye seli za mama, mkeo, aina moja ya kipokezi huamka na kuingia kama kawaida, lakini alama haishiki. Mahali pa kuibandikia pana kosa. Kwa hiyo kinarudi juu kikiwa bado macho, leo, kesho na keshokutwa, na seli inaambiwa kua, kua, kua. Nimelitafuta kosa hilo miaka miwili, na ni seli zake zilizonionyesha.

Ila ukweli lazima nikwambie, mzee wangu. Hizi si yeye. Ni chembe za ugonjwa wake. Ukija, njoo ukilijua hilo. Mkuu wa maabara ameniruhusu nikupokee katikati ya Agosti.

Naikimbiza barua hii posta kabla hawajafunga.

Mwanao, Mtafiti


25 Mei

Mwanangu Mtafiti,

Nimeelewa. Ni kama mizani ambayo ukishaondoa mzigo, mshale haurudi kwenye sifuri. Duka linaendelea kuamini kuna uzito. Nimetengeneza mamia ya hizo; ile moja ya nyumbani kwangu sikuiona.

Unaniambia si yeye. Najua. Lakini wahenga walisema ukikosa titi la mama, hata la mbwa utanyonya. Zimetoka ndani ya kifua nilichokilalia miaka thelathini na moja. Acha nizione.

Pasipoti ya kuvukia mpaka kuja huko kwenu nimeipata. Picha yao imenitoa kama mwizi wa kuku. Nimeshonesha koti jipya, la kijivu, kwa mshona nguo wa mtaa wa pili, na nilipolivaa mara ya kwanza nikaona haya kama bwana harusi. Binti yangu akaniuliza, "Baba, koti la nini?" Nikamwambia kuna rafiki yangu anaumwa sana, nataka niwe tayari. Mungu anisamehe, nimemchimbia kaburi mtu asiyekuwepo.

Huyo binti ndiye mwanangu pekee, ana miaka ishirini na tisa. Tunamwita Kibiriti, na ukikutana naye hutauliza kwa nini. Hajui habari za fomu wala za barua zetu. Tangu tuzike, jina la mama yake halitamkwi nyumbani. Nikilitaja anasimama na kwenda kuosha vyombo ambavyo ni visafi. Kwa hiyo wewe ndiye pekee ninayezungumza naye juu ya mke wangu.

Tarehe 14 Agosti nitakuwa mlangoni kwako.

Fundi Mizani


18 Juni

Mzee wangu,

Natumaini hujambo. Hapa tunaendelea.

Nakuomba tuisogeze safari yako. Pana matengenezo kwenye jengo, na wageni hawaruhusiwi kwa sasa. Nitakujulisha tarehe nyingine. Seli zinaendelea vizuri.

Nina swali pia, na nakuomba ulijibu. Binti yako ana afya nzuri? Amewahi kupimwa mapafu?

Mtafiti


4 Julai

Kwa Mtafiti,

Barua yako nimeipata. Imeniingia kama maji ya baridi sikioni.

Mimi ni mtu wa kupima. Barua zako za nyuma zilikuwa na uzito. Hii ukiiweka kwenye sahani, mshale hautikisiki. Nimekaa nikajiuliza nimekosea wapi. Labda mkuu wako ameona si vizuri fundi mwenye kucha nyeusi kuingia kwenye chumba cha watu waliosoma. Kama ndivyo, sema tu. Nimewahi kuingilia mlango wa nyuma kwa matajiri wengi na sikufa.

Binti yangu ni mzima wa afya, mwache huko aliko. Hayamhusu.

Tiketi nimeshakata. Tarehe 14.

Fundi Mizani


11 Julai

Mzee wangu,

Usipande hilo gari. Sikupi amri, nakuomba.

Nilikudanganya. Hakuna matengenezo yoyote, na hakuna aliyekudharau. Seli za mama zimekufa zote.

Mwishoni mwa Mei visahani vyote viliingiwa na ukungu. Hutokea. Ikitokea, tunavitupa na kutoa akiba, kwa sababu nyingine huhifadhiwa zikiwa zimegandishwa kwenye tangi la baridi kali. Nilipolifungua tangi nikakuta limekauka. Kimiminika kinacholipa baridi kilikuwa kimevuja taratibu kwa wiki kadhaa. Kila Ijumaa mmoja wetu hupaswa kufunua kifuniko, kupima kimo cha kimiminika hicho kwa kijiti na kutia sahihi kwenye daftari. Ijumaa ya tarehe 2 Mei zamu ilikuwa yangu. Nilitia sahihi bila kufunua. Nilikuwa na haraka, barua yako ilikuwa mkononi, posta ilikuwa inafungwa. Walionifuata waliiona sahihi yangu wakaamini, nao wakatia zao.

Nimemwambia mkuu wangu. Nimeandika maelezo. Nimeondolewa kwenye kazi ya tangi. Lakini wewe nilishindwa kukwambia, nikajificha nyuma ya matengenezo. Wiki sita nimekuwa nikifungua lile kabati kila asubuhi kabla sijakumbuka kwamba ni tupu.

Sasa nisikilize kwa hili jingine, hata kama umeshaanza kunichukia. Damu ya mama ilikuwa imehifadhiwa kwenye jengo lingine, na tumeipima. Lile kosa la mahali pa alama limo hata kwenye damu. Maana yake halikuanza na uvimbe; alizaliwa nalo. Na mtu aliyezaliwa nalo anaweza kumrithisha mtoto. Ni nusu kwa nusu. Hospitali itawaandikia rasmi, lakini karatasi zao hutembea kwa magoti. Mpeleke Kibiriti akapimwe damu na kupigwa picha ya kifua. Mwonyeshe daktari barua hii.

Sistahili kujiita mwanao hapa chini.

Mtafiti


30 Septemba

Mzee wangu,

Hujanijibu, na sikutegemea unijibu. Tarehe 14 Agosti nilishuka mlangoni nikasimama pale mpaka saa sita mchana, kwa kuhofia huenda umekuja hata hivyo.

Nikasirikie mimi kadiri utakavyo. Nitaendelea kuwepo, na hasira yako itanikuta hapa hapa. Ila binti asisubiri tuyamalize yetu. Nakusihi. Umempeleka?

Mtafiti


17 Novemba

Kwa huyo anayejiita Mtafiti,

Mimi ndiye Kibiriti. Sikujui, na nimekujua kwa siku mbili tu.

Tangu Julai baba yangu amekuwa mtu mwingine. Duka anafungua saa nne, anafunga saa sita. Kila siku anakwenda makaburini na kurudi bila kusema. Nilidhani yule rafiki yake amekufa kweli. Jumamosi nikachukua koti lake la kijivu nilipeleke kwa dobi, nikakagua mifuko. Barua zako zote zilikuwemo, mfuko wa ndani, zimefungwa kwa uzi wa cherehani wa mama.

Nilizisoma nikiwa nimekaa sakafuni. Nikamwendea na ile ya Julai mkononi. Nikamwambia, "Baba, hii umekaa nayo miezi minne?"

Akasema, "Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini? Sindano wachomwe wengine, uogope wewe?"

Akasema, "Mwanangu, nikikupeleka na wakasema unalo, nitakuwa nimewasikia wakisema mara mbili."

Nilikwenda jikoni kuosha vyombo, na safari hii alinifuata, akashika kitambaa cha kukaushia. Akaanza kunisimulia juu ya mama. Tulisimama pale mpaka maji yakapoa. Sikujua kwamba alikuwa akilala macho kumsikiliza mama akipumua. Sikujua kwamba alijua nami nilikuwa macho chumba cha pili nikisikiliza vile vile. Miaka mitatu na nusu nilidhani nimekosa mtu peke yangu ndani ya nyumba hii.

Leo asubuhi nimetoa damu. Picha ya kifua pia nimepigwa, na daktari ameiangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kuna doa upande wa kulia, anasema ni dogo kama punje ya mtama. Anataka kulitoa.

Wewe umemdanganya baba yangu, na kwa uzembe wako umemzikisha mke wake upya. Siyafumbii macho hayo. Lakini ukweli uliuandika pia, mara mbili, na kwa mtu ambaye hakukujibu. Kwa hiyo nijibu mimi. Nikilitoa hili doa, nitakufa kama mama?

Kibiriti


8 Desemba

Dada yangu Kibiriti,

Hapana jibu la uhakika, nami nimeapa sitamwambia tena mtu wa nyumba yenu jambo la kupendeza lisilo kweli. Ninayoyajua ni haya. Mama alipofika hospitali uvimbe wake ulikuwa saizi ya yai na ulikwishatambaa. Wako ni punje, umeonekana kabla hujakohoa hata mara moja. Kosa la mama unalo, damu imesema; kwa hiyo daktari wako nimemwandikia, nimempa kila nilichokijua kuhusu kosa hilo: kipokezi kipi, kinaingiaje, kwa nini hakishikwi kusagwa. Amesema sasa anajua atazame nini, na atakupiga picha kila miezi michache maisha yako yote. Utachoka naye. Mchoke, lakini uende.

Jumapili mama yangu alipiga simu. Akauliza kama huku kunanyesha, nikaanza kulia, nikamwambia kila kitu, tangi, sahihi, baba yako, wewe. Kisha akasema, "Sasa ndiyo umepokea simu." Nimeomba likizo. Naondoka siku mbili kabla ya upasuaji wako. Nitakuwa kwetu, lakini saa ile nitakuwa nimesimama nikingoja nawe.

Dada yako kama utakubali,
Mtafiti


20 Februari

Mwanangu Mtafiti,

Nimechelewa. Kidole hakikuwa kikikubali kushika kalamu kwa ajili yako, na nilipokilazimisha kikawa kinaandika matusi. Karatasi tatu nimechoma.

Kibiriti amepona. Doa lilitolewa lote, kingo zake safi, na halijaenda popote. Ana kovu chini ya kwapa, anawaonyesha majirani kama cheti cha shule. Mwezi ujao wanampiga picha tena. Nitakuwa nje ya mlango nikiuma kucha, na mwezi mwingine hivyo hivyo, mpaka nife mimi kwanza, kama inavyotakiwa.

Juu ya tangi. Usijiambie kwamba ni barua yangu iliyokuharakisha. Ulitia sahihi kitu ambacho hukukiangalia. Fundi wangu angefanya hivyo ningemtoa dukani siku hiyo hiyo. Kuna asubuhi naamka nimekusamehe kabisa, nikifika dukani nimeghairi, nikirudi jioni nimesamehe tena. Nimeona nisisubiri mshale utulie ndipo nikuandikie. Na mimi nilikaa na barua yako miezi minne mfukoni, mtoto wangu akiwa na punje kifuani. Kwa hiyo kama ni hukumu, tuketi benchi moja.

Nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Barua yako ya Julai ilipokuja, nililia kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi kulikuwa na watu, viti vya kupanga, wageni wa kulisha. Safari hii nilikuwa mimi na mizani za watu. Nilikuwa nimejijengea kwamba yuko mahali, chumba chenye joto, msichana mzuri anamlisha. Nilikuwa nasema, "Mama leo atakuwa amekula." Mtu mzima mimi. Bado nikifunga duka huwa naona haraka ya kurudi nyumbani kumwambia jambo, nikifika kona nakumbuka. Sitarajii ikome, wala siiombei ikome.

Asubuhi ya upasuaji daktari alileta fomu. Ile ile. Kipande watakachokitoa, kitupwe au kije kwenu? Kibiriti aliisoma yote, mpaka yale maandishi madogo ya chini ambayo mimi na mama yake tuliyaruka. Akatia sahihi. Akanipa kalamu. Nilikaa nayo, mwanangu. Daktari akatoka, akarudi. Kibiriti akasema, "Baba, wasingekuwa na chembe za mama, leo ungekuwa hujui kitu, na mimi ningekuwa nacheka tu mitaani." Nikatia sahihi.

Kwa hiyo zitakuwa zimekufikia. Zilishe vizuri, na kifuniko kifunuliwe kila Ijumaa. Ila usiniandikie zimepewa namba gani, wala kama zinakua, wala joto la kabati. Na kuja kuziona siji. Mwenyewe ninaye hapa chumba cha pili. Amevamia daftari langu la wateja eti mwandiko wangu hausomeki, amehamisha viti vyote, na sasa hivi anapiga ukuta kwa kijiko kwa sababu nilimwahidi kumsaidia kufungua dirisha lililokwama, na nimekaa huku nikiandika.

Acha niende nikamfungulie.

Baba yako,
Fundi Mizani